Salamu Baada ya Mapigo

Kwa Mzee wa Uwanja ilikuwa marufuku kumsalimia mtu kabla hajapimwa mapigo. Asubuhi, jua likiwa bado halijagusa paa la bweni, wakimbiaji wetu walitoka vyumbani na kulala chali kwenye mikeka ya barazani, macho yamefumbwa, kimya kama watu waliogombana. Yeye alipita kati yao na kigoda chake. Alikaa kwa mmoja, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili vya kushoto, akakifunika kikombe cha bati, mdomo chini, juu ya goti lake, na kwa ukucha wa kidole cha kulia akaanza kugonga kile alichokisikia kwenye mshipa. Ko. Ko. Ko-ko. Ko. Hakuwa na saa. Hakuhesabu. Alisikiliza tu, na sisi wengine tukasikia moyo wa mwenzetu ukigongwa juu ya bati mbele za watu.

Akimaliza wote, alikigeuza kikombe, akamimina chai yake ya rangi, akasema, "Haya, sasa nisalimieni."

Ndipo shikamoo zilipomiminika.

Siku ya kwanza nilipomwona nilidhani ana kasoro ya akili. Huku kwetu Dodoma mtoto asiyemwamkia mzee anaulizwa kalelewa na nani, na hapa palikuwa na mzee anayekataza kuamkiwa. Nilimpa shikamoo yangu ya heshima, naye akanitazama kama mtu aliyepigiwa honi sokoni.

"Umewaamsha," alisema. "Salamu inaamsha moyo. Sasa itabidi tungoje."

Mimi sikuwa mtu wa kuambiwa ningoje. Nilizaliwa Haneti, nikachunga ng'ombe wa watu, nikasoma kwa taa ya kibatari, na hakuna mjomba wala mkubwa aliyenishika mkono. Nilikwenda Ulaya kwa miguu yangu mwenyewe, nikaosha masufuria ya hoteli mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya elimu ya viungo yenye muhuri wa nta. Katika mkoa mzima walionizidi masomo hayo ungeweza kuwahesabu bila kufika kidole cha pili. Na nilirudi na kitu kingine ambacho kilifanya wakurugenzi wasimame kwenye viti vyao: saa ya mkononi iliyosoma mapigo kutoka kwenye mkanda unaofungwa kifuani. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yalikuwa yamejaa redio na raba za mitumba, lakini saa ya namna ile hakuna aliyekuwa nayo.

Shirika la umma lililoniajiri lilinipa cheo cha kocha mkuu wa timu ya riadha. Yeye kazi yake kwenye karatasi ilikuwa mtunza uwanja: kufagia, kupiga reki, kuchora mistari kwa chokaa. Hakuwahi kuajiriwa kufundisha mtu yeyote kitu chochote. Lakini kocha kabla yangu alimwachia asubuhi, na kocha kabla ya huyo pia, na mimi nikamkuta pale kama unavyokuta nguzo ya nyumba uliyopanga.

Aliniita Bwana Diploma. Alilisema jina hilo bila kucheka, jambo lililonifanya nisijue kama ananiheshimu.

*

Nguo zake zilikuwa mbili: koti la kaki la kazini lenye chokaa kwenye mifuko, na koti jingine la kaki la Jumapili lenye chokaa kidogo zaidi. Alitembea haraka na kuinama mbele, kama mtu anayepingana na upepo, hata siku ambazo upepo wa Dodoma ulikuwa umelala. Alichukia filimbi. Alichukia neno "jitahidi". Mkimbiaji akimwambia atajitahidi, alimwuliza, "Unajitahidi kulala? Basi na hili ni hivyo hivyo."

Elimu yake, alisema, aliipata kwa punda. Punda waliobeba maji kutoka visimani aliwawekea kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele kabla ya kuwatwisha tena. Aliyepumzika, moyo wake ulikuwa na nafasi ndani yake; pigo moja lilikuja karibu, jingine likachelewa kidogo, kama mtu anayetembea huku akiangalia mazingira. Aliyechoka, moyo wake ulinyooka. "Unakwenda kama askari wa gwaride," alisema. "Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Watu wanapenda gwaride. Mimi nikilisikia kwenye mshipa, namfungua punda."

Nilimweleza, kwa upole wa msomi, kwamba moyo wenye afya hupiga kwa usawa, na kwamba kinachopimwa ni idadi kwa dakika. Nilimchorea na mchoro. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akausifu kwa kuwa umenyooka vizuri.

Kisha akaniambia nimshike Nyemo mkono.

Nyemo alikuwa tarishi wa shirika, msichana wa Mlali, mwembamba, mcheshi, na mkimbiaji bora wa mbio ndefu niliyewahi kumfundisha hapa nchini. Alikuwa amelala mkekani akijizuia kucheka. "Mwambie avute pumzi taratibu," alisema Mzee. Nyemo akavuta, na chini ya vidole vyangu pigo likaharakisha. "Sasa aitoe." Akaitoa, na pigo likapunguza mwendo, likakaa, likangoja. Mzee hakuwa amemgusa, lakini alitazama kifua chake kikipanda na kushuka, akagonga kikombe, na kikombe kilisema vilevile nilivyokuwa nasikia.

"Babu, leo nakwendaje?" Nyemo aliuliza.

"Unayumba kama mlevi, mwanangu. Leo mkimbize, Bwana Diploma. Mkimbize mpaka achoke."

Nilikiri kwamba ni jambo la kuvutia. Nilisema hivyohivyo, "ni jambo la kuvutia," kwa sauti ya mtu anayesifu kikapu kilichosukwa vizuri kabla ya kurudi kwenye gari lake.

*

Habari ya saa za mazoezi ndiyo iliyotugombanisha. Mzee wa Uwanja aliamini kwamba kazi ngumu ina saa yake. Mbio za kasi aliziruhusu asubuhi, mwili ukishaamka na kabla jua halijawa kali. Jioni aliruhusu kutembea, kujinyoosha na kukimbia polepole huku watu wanazungumza. "Mtu asipoweza kusimulia habari ya jirani yake huku anakimbia, basi hiyo si jioni tena," alisema. Mazoezi makali jua linapozama, kwa maoni yake, yalikuwa kama kumpigia kelele mtoto saa ya kulala halafu kumlaumu kwamba hasinzii. Mwili unalala, moyo unabaki umekaa kitandani.

Na hapa niseme ukweli kuhusu ukinzani wake, kwa sababu hakuwa malaika. Mtu huyu aliyehubiri mapumziko hakuwahi kupumzika. Alifika uwanjani kabla ya jogoo na kuondoka wa mwisho. Aliwakataza wenzake tumbaku, na kopo lake la ugoro lilikaa katika mfuko uleule wa chokaa, hivi kwamba hatukujua siku nyingine anavuta kipi. Alishika mikono ya watu wote, lakini wa kwake hakumpa mtu. Nilimwomba mara moja nimfunge mkanda wangu wa kifuani, nione. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Mimi ni mtunza uwanja," alisema. "Uwanja haupimwi."

Tena alikuwa mwongo. Alidanganya kwa ustadi na bila haya, na kila mara kwa kusudi moja. Akiona timu imechoka na ofisi inataka mazoezi, alichukua keni ya kumwagilia, akailowesha kona ya chini ya uwanja, akatundika kibao: UWANJA UMELOWA. Mwezi wa saba! Ukanda huu wetu mwezi wa saba hauoni hata wingu la kupotea njia. Nakumbuka meneja utumishi alishuka kwenye gari lake, akatazama mbingu, akatazama tope.

"Mzee, mvua imenyesha lini?"

"Alfajiri, bosi."

"Mbona kwangu haikunyesha?"

"Ilinyesha hapa tu, bosi. Ilikuwa ndogo."

Meneja alirudi garini. Timu ikapumzika siku hiyo, na wiki iliyofuata tuliwashinda watu wa mikoa mitatu. Ushindi ule niliuandika kwenye taarifa yangu kama matunda ya programu yangu.

*

Shirika likaanza kuuzwa. Haikutangazwa kwa siku moja. Ilianza kwa wageni wenye tai waliotembea wakihesabu madirisha, kisha ikaja orodha ya watu wa kupunguzwa, na kila mtu alijua wakimbiaji watakuwa juu ya orodha hiyo, maana mwenye kununua kiwanda hanunui watu wa kukimbia. Matarishi nao walikuwa hapohapo. Nyemo alikuwa vyote viwili.

Palikuwa na mlango mmoja. Timu moja ya majeshi ilitangaza mashindano ya mita elfu kumi kwa wanawake. Watatu wa kwanza wangechukuliwa na kuajiriwa. Nyemo alikuwa na mama na wadogo zake Mlali waliokula kwa mshahara wake wa utarishi. Alinijia ofisini, akasimama mlangoni na bahasha za watu mkononi.

"Kocha, nitaingia kwenye tatu?"

"Ukifuata programu yangu, utaingia kwenye moja," nilimjibu. Nilimaanisha.

Kazi ya utarishi ilimbana asubuhi, kwa kuwa ofisi iliyokuwa ikifa ilituma barua nyingi kuliko iliyokuwa hai. Nikahamishia mbio zake za kasi jioni. Mita mia nne, mara kumi na mbili, mapumziko mafupi, jua likizama na kuendelea mpaka mistari ya chokaa isionekane. Jioni nne kwa wiki. Alizimaliza zote. Saa yangu ilinionyesha anakimbia kasi zaidi kila wiki, nami nikaandika tarakimu zile kwa wino mwekundu na kuzibandika ukutani.

Wiki ya tatu, asubuhi, kikombe cha Mzee kikanyooka.

Nilikuwepo. Ko, ko, ko, ko. Hata wale waliokuwa wamefumba macho waliyafumbua. Mzee alimwambia Nyemo avute pumzi, akavuta, aitoe, akaitoa. Kikombe hakikujali. Ko, ko, ko, ko.

"Mpumzishe," aliniambia kando. "Siku nne. Atembee tu, na alale."

"Zimebaki siku tisa, Mzee."

"Ndiyo maana nasema sasa. Zikibaki mbili sitakuwa na la kusema."

Nilimfunga Nyemo mkanda wangu, nikamwonyesha Mzee saa. Mapigo kwa dakika yalikuwa yaleyale ya mwezi uliopita. Tofauti ilikuwa pigo moja tu. "Umeona? Hakuna kilichobadilika."

"Saa yako inahesabu punda wangapi wamepita," alisema Mzee. "Haioni wanavyotembea."

"Wewe una cheti gani?" nilimwuliza. Mbele ya watu. Nyemo alikuwepo.

Alichukua kikombe chake, akaenda zake. Jioni ile nilipofika, kona ya chini ya uwanja ilikuwa tope, na kibao kimetundikwa. Nilikitazama. Nilimchukua Nyemo, tukatoka nje, tukakimbilia barabara ya Kondoa, kwenye vumbi, na kazi yote niliyopanga tukaifanya huko. Na jioni iliyofuata. Na iliyofuata.

Siku ya mashindano Nyemo alianza vizuri. Mizunguko minane ya kwanza alikuwa wa pili, nami nilikuwa nimeanza kuandaa kichwani maneno ya kumpa meneja. Kisha, bila kujikwaa, bila kuumia, mwendo ukamtoka kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Alikuwa anakimbia, lakini palepale. Alimaliza wa sita. Alipofika mwisho hakuanguka. Alisimama tu, akitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Mzee wa Uwanja, aliyekuja kwa nauli yake, alimpelekea maji.

Taarifa ya mashindano niliiandika mimi. Niliandika kwamba mwanariadha aliamka na homa. Meneja akamwita Mzee kuthibitisha, maana yeye ndiye aliyemshika mkono asubuhi ile.

"Ni kweli alikuwa na homa?"

Mzee alinitazama muda mfupi. "Ndiyo, bosi," alisema. "Ilikuwa ndogo."

Na Nyemo mwenyewe, aliponiuliza barazani, akiwa amefunga sanduku lake, kwa nini miguu ilimwacha, sikuweza kumpa homa, kwa kuwa alijua hakuwa nayo. Nikampa kitu kibaya zaidi. Nilimwambia kwa sauti ya diploma kwamba wapo watu ambao moyo wao haukuumbwa kwa mbio ndefu, na pengine wake ni dhaifu, na asihuzunike. Alisema, "Asante, Kocha." Akaenda zake Mlali.

*

Mimi nilisonga mbele. Kusonga mbele ndiyo tabia yangu. Shirika lilipofungwa nilipata nafasi ya ukufunzi chuoni, nikajenga, nikasomesha. Vitabu na majarida mapya yakaanza kufika, na katika moja ya hayo nilisoma, nikiwa nimekaa peke yangu maktaba, kwamba moyo uliopumzika haupigi kwa usawa. Kwamba nafasi kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika pamoja na pumzi. Kwamba kazi ngumu kupita kiasi, hasa ikifanywa karibu na saa ya kulala, inaweza kuzibana nafasi hizo usingizini hadi asubuhi, wakati idadi kwa dakika haijabadilika sana. Palikuwa na mchoro. Mstari wa mtu aliyechoka ulikuwa umenyooka vizuri.

Leo nafundisha somo hilo, na nalifundisha vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini kwa muda mrefu nilipolifundisha sikutaja nilikolisikia mara ya kwanza.

Habari kwamba Mzee wa Uwanja anaumwa nilizipata kwa mwanafunzi wangu anayeishi mtaa wake. Nilikwenda asubuhi. Alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, koti la kaki limetundikwa msumarini, kikombe cha bati juu ya stuli.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitika. Alinitazama, akatoa mkono wake nje ya shuka, akaugeuza kiganja juu.

Ilinichukua muda kuelewa. Mkono ule hakuwahi kumpa mtu. Nilivuta kigoda, nikamshika kwa vidole viwili, nikakifunika kikombe gotini, nikaanza kugonga. Ko. Ko. Ko. Ko. Nilingoja pumzi yake ipande, ishuke. Kidole changu hakikupata pa kuchelewa wala pa kuharakisha.

"Unayumba vizuri, Mzee," nilisema. "Ni uchovu tu."

Alifumba macho.

"Bwana Diploma," alisema, "usinipe homa na mimi."

Nje mtu alikuwa anatwanga. Niliondoa kidole kwenye kikombe.

"Umenyooka," nilisema.

"Nimeusikia. Nina masikio." Alivuta pumzi. "Na yule wa Mlali, ulimwambia?"

"Hapana."

"Anapita hapa siku za mnada. Hapandi hata kilima cha kwao bila kushika kifua. Alikataa kazi ya kufundisha michezo shule ya msingi. Anasema moyo wake ni mbovu, aliambiwa na mtaalamu."

"Kwa nini wewe hukumwambia?"

"Mimi niliyemwambia bosi ilikuwa homa? Nikaanze upya?" Alirudisha mkono chini ya shuka. "Nenda asubuhi. Usiende jioni, watu wamechoka."

Shikamoo yangu haikuwa imeitikiwa. Nilitoka hivyohivyo.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Nyemo uani kwake Mlali akipepeta alizeti. Amenenepa kidogo, ana mvi mbele ya kilemba, na sauti ni ileile. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia kikombe hadi kibao hadi barabara ya Kondoa. Aliendelea kupepeta mpaka nilipofika kwenye neno "dhaifu". Hapo akauweka ungo chini.

Sitaandika aliyoniambia. Nilikuwa nimestahili, na alipomaliza akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mkono kuelekea kwangu bila kunitazama. "Basi sikiliza," alisema.

Kesho yake asubuhi nilikuwa tena kwenye kigoda cha Mzee. Alikuwa amepungua hata kwa siku mbili zile. Aliuliza kwa macho.

"Alinitukana," nilisema.

"Vizuri. Halafu?"

"Halafu akanipa mkono."

"Ukasikia nini?"

Sikuwa na maneno mazuri kuliko bati. Nilikichukua kikombe, nikakifunika gotini, nikafumba macho nikumbuke ule ua wenye alizeti na kifua cha Nyemo kikipanda na kushuka. Nikagonga. Ko, ko-ko, ko. Ko... ko... Ko-ko, ko. Pigo likaja karibu, jingine likachelewa, likaangalia mazingira, likaja.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Midomo yake ilikuwa inafuata.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Mara hii polepole zaidi, bila kuruka pumzi hata moja.

Alingoja mpaka kidole changu kilipotulia. Kisha akavuta shuka, akajiweka sawa kwenye mto kama mtu aliyetembelewa na mgeni.

"Haya," alisema. "Sasa nisalimie."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bwana Diploma."